Jipu Langu na Uvimbe wa Nyanya

Jipu lilinitoka matakoni wiki ile ile nyanya yangu alipoanza kukaa eda, na kati yetu sisi wawili mimi ndiye niliyepiga kelele zaidi. Yeye kafiwa na mume aliyekaa naye maisha mazima, katulia chumbani kwake kimya. Mimi nimeota kitu cha ukubwa wa kunde, na nusu ya mtaa wetu wa Timbwani yajua.

Wakati huo nilikuwa kibarua bandarini. Asubuhi navuka na feri kutoka Likoni, kutwa nabeba magunia, jioni narudi. Shule ya msingi nilikuwa nimeimaliza, na mwalimu wetu alikuwa akisema akili ninazo, tatizo zote zimekaa mdomoni. Nyapara aliponiona natembea kama bata akaniuliza nina nini. Nikamwambia nimekalia jua. Akanifukuza nirudi kwetu mpaka nitakapoweza kuketi kama watu. Hivyo ndivyo nilivyopata kushinda nyumbani na nyanya, siku ambazo hakuna mwanamume mwengine aliyekuwa akikaa naye.

Kwa asiyejua eda, mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipaki manukato, havai nguo ya kupendeza. Watoto wake wa kiume walikuwa wakija, wanamwamkia pale mlangoni, wanaweka samaki au mchele, wanaondoka na macho yao chini. Mimi nikiingia mpaka ndani, naketi mkekani. Sababu ni utani. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa nyanya yake, na yale ambayo watoto wake wa kuzaa hawathubutu kuyataja mbele yake, mjukuu huyasema na akajibiwa maradufu. Babu alipokuwa hai nilikuwa nikimwambia aniachie mke wangu, aende akatafute wake. Siku aliyozikwa, nyanya aliniita akaniambia, "Haya, mume mkubwa kaondoka. Kama mwanamume kweli, lete mchele." Alikuwa akilia na akitania kwa pumzi moja. Sijawahi kuona mtu mwengine akiweza hivyo.

Jipu langu alilitibu yeye na somo wake. Somo huyu alikuwa mwanamke mzee wa nyumba ya tatu, mwenziwe wa siri tangu walipokuwa wasichana, na wanawake wa mtaa walikuwa wakimtegemea kwa majipu, vidonda na watoto wasiolala. Alikuna sabuni ya kipande, akaichanganya na sukari, akaipaka kwenye kitambaa.

"Lala kifudifudi," nyanya akaniambia.

"Mbele ya mgeni? Mke wangu, huoni haya?"

"Nione haya ya nini? Tako hilo nililipangusa kabla hujajua jina lako."

Somo alicheka hadi akaangusha kijiko.

Dawa ile huivisha jipu. Sikulala. Lilikuwa moto, jekundu, lapiga kama lina moyo wake, na kinenani nikaota mtoki nikawa hata mguu siwezi kuunyoosha. Nikilalamika, somo anafurahi. "Acha liume," anasema. "Likiuma ndo lafanya kazi." Kisha likatunga usaha, likapasuka, na somo akalikamua mpaka kikatoka kiini chenyewe, kigumu, cheupe, akanionyesha kwenye kitambaa kana kwamba nimezaa mtoto. Mtoki ukanywea. Nikalala mchana mzima.

Nilipoamka nyanya alikuwa ameketi karibu na dirisha lililofungwa. Nje kulikuwa kukipita lori la kipaza sauti, watu wanatangaziwa mkutano. Miaka ile ilikuwa hivyo, huyu ataka uhuru wa nchi nzima, huyu ataka mwambao ukae peke yake, na barazani watu waliokula sahani moja wanapita bila kuamkiana. Nyanya alingoja lori lipite.

"Lako limeitika dawa," akasema. "Langu laringa."

"Lako lipi?"

"Nami ninalo. Somo anapaka dawa ile ile. Wiki yapita sasa, kimya."

"Liko wapi?"

Akanitazama kwa jicho la utani. "Mume gani wewe asiyejua mali yake?" Akanishika mkono, akauweka juu ya kanga, pembeni mwa ziwa la kushoto, akavibonyeza vidole vyangu. Nikahisi kitu. Kama kokwa la zambarau. Kigumu, hakiendi huku wala huku.

"Lauma?"

"Hata. Ndo uzuri wake. We ulilia kama ng'ombe wa sadaka, mimi langu limelala usingizi."

Nikaweka mkono tena, mara hii kwa kiganja. Halikuwa na joto. Ngozi ya juu ilikuwa sawa na ngozi nyingine. Jipu langu, hata nguo ikiligusa, mwili mzima ulikuwa ukijua. Hili hata mwili uliokuwa umelibeba haukuwa ukilijua. Sikuwa na elimu ya kusema kwa nini, lakini sikulipenda. Nikafanya mzaha, kwa sababu ndiyo kazi niliyokuwa nayo pale. Nikamwambia babu kasahau kokwa lake, arudishiwe.

Alicheka. Mimi pia nilicheka. Nikarudi kazini.

Wiki zikapita, somo akabadilisha dawa. Alikuwa akichoma kitunguu majivuni, anakipasua, anakibandika kikiwa moto. Siku moja nilirudi kazini nikawakuta wana furaha kama walioona mwezi wa Idi.

"Laiva!" somo akaniambia mlangoni. "Njoo uone, limekuwa jekundu!"

Nyanya akashusha kanga kidogo, upande tu. Ni kweli ngozi ilikuwa nyekundu, na ilikuwa moto. Lakini wekundu ule ulikuwa na umbo. Ulikuwa duara, na ndani yake duara jingine, na jingine tena. Kilikuwa kitunguu kimechora sura yake. Nikamtazama somo, mwanamke aliyenitoa kiini, mwenye mikono miepesi, na macho yake yalikuwa yamejaa matumaini. Sikuweza kumwambia. Kesho yake ngozi ikaanza kubambuka, wekundu ukaondoka, na kokwa likabaki pale pale, baridi vile vile. Somo akasema dawa haijafika ndani. Akaongeza moto.

Hapo nikaamua kusema ukweli, na hapo ndipo nilipojua ubaya wa kuwa mtani.

"Nyanya, leo sitanii."

"Hodi hodi! Leo mume wangu kadhi."

"Wallahi sitanii. Twende ng'ambo tukamwone daktari."

"Nivuke feri na eda? Watu waseme mume hajakauka kaburini, mimi natembea mjini?"

"Mgonjwa yuaruhusiwa kutoka. Maalim alitusomesha chuo cha Kurani."

"Alikusomesha siku gani, na kila siku ulikuwa watandikwa nje?"

"Hiyo siku moja nilikuwa ndani."

Akacheka hadi akashika ubavu. Nikamwambia asicheke. Akazidi kucheka, kwa kuwa sura yangu ya kutotania hajapata kuiona, akadhani ndiyo utani wenyewe, mpya. "We mwana we," akasema akipangusa machozi, "siku ya kufa kwangu nizikwe nawe karibu, nicheke njiani." Nikabaki nimeketi. Kila neno nililolitoa kwa uchungu lilifika kwake limevaa nguo za mzaha.

Basi nikamwendea ami. Yeye ndiye mtoto mkubwa wa nyanya, kazi yake ilikuwa karakana kule Changamwe, na ndiye aliyekuwa akiamua mambo ya nyumba tangu babu afariki. Mtu wa dini, mpole, haongei sana. Mama yake alikuwa akimpenda kupita kiasi. Nilimngoja barazani Ijumaa, baada ya sala.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Hujaenda kazini?"

"Nimeomba ruhusa. Ami, nyanya ni mgonjwa."

"Ana nini?"

"Ana uvimbe."

"Wapi?"

Chumbani, mbele yake mwenyewe, neno lile nilikuwa nikilisema mara mia na yeye akiliokota akinirushia. Pale barazani, mbele ya mwanawe, lilikuwa tusi. Utani wangu ulikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa ule mlango wa chumba.

"Pahali pa kike," nikasema.

Ami alivitazama viatu vyake. Masikio yalimgeuka rangi. "Basi hayo ni ya wanawake," akasema. "Watayatizama wenyewe. Eda ikisha, inshallah, atakwenda kwa daktari."

"Lakini ami, sheria..."

"Wanifundisha sheria?"

"La, ami."

"Na mizaha yako ipunguze. Nyumba hii ina msiba."

Msimdhanie vibaya. Jioni ile alileta samaki, changu wawili wakubwa, na asali, akauliza mlangoni mama yake amelala vipi, akajibiwa vizuri alhamdulillahi. Angeweza kumwuliza sheikh wa msikiti kama mjane mgonjwa aruhusiwa kutoka, na sheikh angemwambia ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Lakini sheikh naye angeuliza, anaumwa nini? Na ami angalilazimika kulitaja ziwa la mama yake mbele ya mwanamume mwengine. Hakuweza. Nyanya naye hakuweza kumwambia mwanawe. Somo hakuweza kumwambia mtu kwamba dawa yake imeshindwa. Nyumba nzima tulikuwa tukijua, kila mtu kipande chake, na kila mtu kakikalia.

Nyanya alikuwa akihesabu siku za eda kwa kokoto, anazitia kikoponi. Nilikuwa nikikitazama kikopo kile nikiomba kijae. Kokwa la zambarau likawa limau. Ngozi ya juu ikaanza kujikunja vitundu vitundu kama ganda la chungwa, na chuchu ikaingia ndani. Kwapani kukatokea jingine dogo. Nikamwuliza, lile la kwapani lauma? Akasema halimwumi hata kidogo, alhamdulillahi.

Siku eda ilipokwisha wanawake walimwogesha, wakamvisha nguo mpya, wakamfukiza udi. Alitoka barazani akafumba macho kwa mwanga. Alikuwa amekonda. Kesho yake tulivuka feri, yeye na somo na mimi. Ami alitoa ruhusa bila kuuliza tunaenda kwa ugonjwa gani.

Hospitalini tulikaa foleni mpaka adhuhuri. Daktari alikuwa Muhindi mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili chake kama chetu. Aliinuka nyanya alipoingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Waambaje?"

Alimpima nyuma ya pazia, yeye na muuguzi wa kike. Mimi na somo tulikuwa upande wa huku. Nilimsikia akiuliza lini lilianza, na nyanya akijibu kwa ucheshi wake, na kisha nikasikia daktari kanyamaza. Yule mtu alikuwa mwepesi wa maneno. Somo alinishika mkono.

Alipotoka akanawa, akaketi, akatwambia ni saratani. Nyanya akasema hilo jina alilisikia, lakini yeye ataka kujua jambo moja. Mjukuu wake alikuwa na jipu, na somo wake huyu hapa akalitibu, na mwili ukalitupa nje. Yeye mkono ule ule, dawa ile ile. Kwa nini mwili wake haukulitupa?

Daktari alimtazama, nadhani akipima kama amjibu kwa jibu la watoto. Akaamua la.

"Mwili, mama, umejengwa kwa vichembe vidogo sana, jicho haliwezi kuviona. Ngozi ni vichembe, nyama ni vichembe. Sisi twaviita seli. Zimepakana ubavu kwa ubavu kama nyumba zenu za Timbwani."

"Zagombana?"

"Zasemezana. Hazina mdomo, kwa hiyo kila moja hutoa kemikali, ni kama dawa, tone dogo dogo mno, ikamfikia jirani. Hii dawa yasema, mimi mzima, kaa pahali pako. Ile yasema, hapa pameumia, zaeni mzibe. Na iko inayosema, wewe umeharibika, kufa."

"Subhanallah. Afe hivi hivi?"

"Hivi hivi. Seli mbovu huzaliwa kila mara. Kwangu, kwako, kwa huyu mjukuu wako. Majirani wakiitambua huipa ile dawa, nayo hujimaliza. Ama huisukuma kando ikatoka. Ama huwaita askari walioko ndani ya damu, wale weupe, waje waile. Wewe huna habari. Uko jikoni wapika, na mwilini mwako mtu kashafanyiwa mazishi." Akafikiri kidogo. "Haya bado twayatafuta. Wataalamu wenyewe wanabishana. Lakini ndivyo inavyoelekea kuwa."

"Na jipu langu, daktari?" nikauliza.

"Lilikuwa wapi?"

"Pahali ambapo siwezi kukuonyesha, niko na mke wangu."

Alitabasamu, lakini kidogo tu. "Jipu ni vijidudu kutoka nje. Wageni. Wakiingia, seli zote pale zapiga kelele kwa pamoja. Zile kemikali zao ndizo zilizokuletea joto, na wekundu, na maumivu. Damu ikajaa, askari wakaja. Usaha uliouona, wengi wao ni maiti za askari hao."

Nikakumbuka nilivyokuwa nikilaani lile jipu. Kumbe nilikuwa nikilindwa.

"Na hili langu?" nyanya akasema.

"Hili si mgeni, mama. Ni seli yako mwenyewe, mtoto wa nyumba. Alipoharibika, labda majirani hawakumtambua. Labda walimwambia, akajifanya kiziwi. Wako wengine ambao tunadhani wajua hata kuwanyamazisha majirani. Basi kaendelea kuzaa, na wanawe ni kama yeye. Hakuna aliyepiga kelele, kwa hiyo hakuna joto, hakuna maumivu."

Nyanya aliikunja ncha ya buibui yake, akaikunjua. "Sisi tulikuwa tukishukuru haliumi."

"Wengi hushukuru," daktari akasema.

Somo akauliza kwa sauti ndogo kama kitunguu kimelizidisha. Daktari akamwambia dawa yake ni nzuri kwa majipu, aendelee nayo. Hakuongeza. Namshukuru kwa hilo mpaka leo.

Nikauliza lile swali ambalo sikutaka jibu lake. "Tungelikuja mwanzo?"

"Lilipokuwa dogo labda lilikuwa pahali pamoja," akasema. "Sasa liko na kwapani. Nitalikata ziwa, na hilo la kwapani nitalitoa. Siwezi kuahidi zaidi ya hapo. Lakini nataka mwanawe mkubwa aje, akubali."

Kwenye feri nyanya alisimama akishika chuma, upepo unampiga. Watu walikuwa wengi, mikokoteni, baiskeli, mbuzi wa mtu. Nilidhani analia. Alikuwa akifikiri.

"Vichembe vyangu vina adabu sana," akaniambia. "Viliona jambo, vikaona haya kusema."

Akanipiga kwa bega, akarudi kutazama maji.

Siku ile ile nilikwenda Changamwe. Nilimkuta ami nje ya nyumba yake akitia maji miguuni, ndiyo kwanza karudi kazini. Nikamwamkia, nikamwambia daktari amwita.

"Kwa nini?"

"Ni ziwa, ami."

"Nyamaza."

"Ni ziwa la mama yako, lina saratani, ataka kulikata. Kasema bila wewe kukubali hakati."

Kopo la maji lilimtoka mkononi. Aliketi pale pale kwenye kizingiti, suruali imekunjwa, miguu nusu imeoshwa. Majirani walikuwa wakipita wakimwamkia, naye hawaitikii. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Kwa nini hukuniambia?"

Jibu nilikuwa nalo. Jibu lilikuwa mdomoni, tayari, lina makali yake. Nikamwangalia vile vifundo vya miguu vilivyo na mafuta ya karakana, nikalimeza.

Alikwenda. Alitia kidole kwenye karatasi, mbele ya daktari akajibu kila alichoulizwa. Wakalikata ziwa na kwapa likachokolewa. Nilipoingia wodini nyanya alikuwa amefungwa vitambaa upande mzima, mweupe kama aliyemwagiwa unga.

"Nusu ya mali yako imeliwa," akaniambia.

"Iliyobaki yanitosha."

"Mwongo." Akafumba macho. "Lakini sema tena."

Tulikuwa na miezi mizuri baada ya hapo. Kidonda kilifunga. Alirudi kukaa barazani, akirushiana maneno na wapita njia, akiwauliza wa mwambao na wa uhuru ni nani kati yao atakayemlipia chai. Ami alikuwa akija karibu kila siku, hakomei tena mlangoni. Akiketi ndani, hawaongei sana, anamminya miguu. Mimi nilianza kuamini. Nilikuwa nikijiambia vile vichembe vilivyobaki vimepata funzo, sasa vinasemezana, kimoja kikiharibika kinaambiwa. Nilikuwa nikilala na wazo hilo.

Kisha mkono wa kushoto ukaanza kuvimba, bangili ikabidi ikatwe. Kikaja kikohozi. Kisha mgongo. Na sasa ndipo yalipokuja maumivu, yote pamoja, yamechelewa, hayana kazi yoyote. Daktari alimpa vidonge, akaniita pembeni, akaniambia nisimsumbue kumvusha tena feri. Somo alikuwa akikaa naye mchana kutwa, na hakuleta dawa yoyote, alikuwa akimpepea tu. Siku za mwisho nyanya hakutania. Nilimtupia neno, akanitazama kama mtu anayesikia redio ya nyumba nyingine. Nikaacha. Tulikaa hivyo, mimi na yeye, kwa mara ya kwanza tukiwa nyanya na mjukuu tu.

Alifariki wakati mji mzima unashona bendera za uhuru. Tulimzika Timbwani, mvua imenyesha, ardhi imeshikana na majembe.

Tuliporudi wanaume wakaketi barazani na msahafu na kahawa, na ikaja ile sehemu ya watu kuulizana. Mzee mmoja akamwuliza ami, marehemu alikuwa akisumbuliwa na nini? Ami alifungua mdomo. Niliona anajaribu, wallahi alijaribu. Akasema, "Alikuwa hawezi kidogo." Watu wakaitikia, eee, siku zimefika, kazi ya Mungu. Mwengine akasema huenda ni homa, homa mwaka huu ni mbaya. Wakakubaliana ni homa.

"Ilikuwa ziwa," nikasema. "Saratani ya ziwa. Alikuwa na kivimbe, na hatukusema."

Kikombe kimoja kikawekwa chini. Mzee aliyeuliza akanitazama, halafu akamtazama ami, akingoja mtoto huyu atiwe adabu. Ami hakunitia adabu. Aliinamisha kichwa, akasema, polepole lakini kila mtu akasikia, "Ndiyo. Ilikuwa ziwa." Kisha akachukua msahafu wake akaanza kusoma, na wengine nao wakainamia yao haraka haraka, wakifurahi kupata pa kuangalia.

Nilitoka. Nilikuwa nimefika karibu na kisima cha msikiti niliposikia viatu nyuma yangu. Alikuwa mmoja wa wale wa barazani, mtu wa makamo, fundi wa makuti wa mtaa wa pili. Tulikuwa hatujazoeana, kuamkiana tu. Alisimama karibu yangu, akatazama nyuma, akatazama mbele, kofia ameivua anaizungusha vidoleni.

"Kijana," akasema. "Hicho kivimbe cha nyanyako. Mwanzo wake, kilikuwa chamwuma?"

"La."

"Hata kikiguswa?"

"Hata kikiguswa."

Akaendelea kusimama, midomo yamtembea bila sauti. Nikataka kumwambia jina la daktari, na saa anazoanza kazi, na kwamba mama wa watu hupimwa nyuma ya pazia na muuguzi wa kike yuko pale pale. Nikamwambia yote hayo. Alikuwa akitikisa kichwa kwa kila neno, kama mtu anayetumwa dukani. Hakuniaga. Aliivaa kofia, akaiacha njia ya kurudi matangani, akashika ya kwake, kwanza akitembea, kisha nikamwona amekusanya kikoi mkononi anakimbia.